Mwanao anataka seminari ndogo? Waliopita huko njooni tuseme ukweli

Kengele ya Alfajiri (mleta uzi)

Wakuu, heri ya wakati huu.

Kila ikikaribia Jumapili ya Mchungaji Mwema, ile ya nne ya Pasaka ambayo Kanisa linaombea miito tangu enzi za Papa Paulo VI mwaka 1964, naanza kupigiwa simu na ndugu na majirani. Swali ni lile lile: "Kijana ana akili, nataka nimpeleke seminari, unanishauri ipi?" Nikiuliza kijana mwenyewe anasemaje, upande wa pili panakuwa kimya. Baba anaongelea ufaulu, mama anaongelea nidhamu, mtoto hajaulizwa.

Mimi nimesoma seminari ndogo toka kidato cha kwanza hadi cha sita. Upadre sikufika, nina mke na watoto, na sina kinyongo na mtu. Ninachotaka kusema ni kimoja: ile ni nyumba ya kulelea mapadre watarajiwa, na shule imo ndani yake. Ukimpeleka mtoto kwa ajili ya shule tu, atakuwa mgeni kwenye nyumba hiyo kwa miaka yote atakayokaa.

Sasa maisha yenyewe. Kengele ya kwanza inalia saa kumi na moja alfajiri au karibu na hapo. Sehemu nyingi kengele ni kipande cha reli au rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Mwenye zamu ya kupiga ndiye mwenye saa. Akipitiwa na usingizi, nyumba nzima imechelewa Misa, na Gombera, padre mkuu wa seminari, anajua pa kuanzia. Baada ya hapo ni kanisani: masifu ya asubuhi, tafakari, Misa. Kwenye tafakari ndipo njuka, wale wageni wa mwaka wa kwanza, wanapopatikana. Amekaa wima, kitabu mkononi, macho kayafumba utadhani anaongea na malaika, mpaka kitabu kianguke sakafuni.

Kisha usafi, uji, vipindi mpaka mchana, ugali na maharage, mapumziko mafupi, halafu kazi za mikono. Hapa wazazi wa mjini huwa wanashtuka. Ng'ombe wanakamuliwa na waseminari, banda la nguruwe linasafishwa na waseminari, mahindi yanapaliwa na waseminari, na yale maharage mnayokula mara nyingi mmeyachambua wenyewe. Baadaye mpira, kuoga, rozari, prepo (muda wa kujisomea), masifu ya jioni, chakula, prepo tena, sala ya usiku. Ikishasaliwa hiyo, ni ukimya mkuu. Hakuna kuongea mpaka kesho baada ya Misa. Ukitaka dawa ya meno kwa jirani unaomba kwa vidole.

Waliosoma Visiga, Mt. Petro Morogoro, Uru, Maua, Soni, Bihawana, Kaengesa, Likonde, Mafinga, Itaga, Rubya, Katoke, Makoko, Sanu, Namupa na kwingineko, karibuni. Wazazi ulizeni mnachotaka.

Mama Wawili

Shikamooni mnaostahili, wengine habari zenu.

Mimi ni mmoja wa hao wanaopiga simu, ila kwangu mtoto ndiye anayesumbua. Yuko darasa la tano, ni mtumikiaji wa altareni parokiani, na tangu apate Komunyo ya kwanza anasema atakuwa padre. Jumapili akirudi anavaa kanga yangu mgongoni anawasomea Misa wadogo zake. Baba yake hataki kusikia, anasema ndiye mtoto wa kiume pekee. Naanzia wapi? Na je, huko hawateswi?

Njuka Mstaafu

Kanga mgongoni! Sisi tulitumia shuka, na hostia zilikuwa biskuti.

Mama, unaanzia kwa paroko. Hakuna njia ya mkato. Seminari nyingi za jimbo zinataka barua ya paroko, vyeti vya ubatizo na Komunyo, na kijana afanye mtihani wa kujiunga na usaili. Mapadre wanaosaili wanajua kuchimba. Watamuuliza nani kamtuma, anasali nini kabla ya kulala, nyumbani anafanya kazi gani. Mtoto aliyekaririshwa na baba yake "nina wito wa kumtumikia Mungu" anajulikana kwa sentensi ya pili.

Kuhusu mateso: kuna baridi, kuna njaa ya saa nne asubuhi, kuna kaka wa kidato cha nne anayekutuma maji. Yachunguze hayo kwanza halafu tuongee mengine, maana hilo la kaka wakubwa linatofautiana sana nyumba na nyumba.

Mwalimu Chaki

Mama Wawili, kuna jambo la kalenda wengi hawajalishtukia. Mwanao akiwa darasa la tano mwaka huu wa 2026, darasa la saba hatalifika. Hapa Tanzania, wale walioanza darasa la tatu na mtaala mpya mwaka 2024 wanasoma msingi kwa miaka sita, wanamaliza la sita mwaka 2027. Mwaka huo huo walio mbele yao wanamaliza la saba. Kwa hiyo Januari 2028 makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja.

Shule za serikali zinajengewa madarasa. Seminari yenye mabweni mawili na kanisa la viti vya kuhesabika itafanyaje? Itachuja zaidi. Na atakayepita atakuwa na miaka kumi na mmoja au kumi na mbili. Nenda kaulize mapema jimbo lako limepangaje, usisubiri tangazo la kanisani, maana lile likisomwa tayari foleni ndefu.

Mtoto wa Nyeri

Poleni majirani. Huku Kenya tumeenda upande mwingine kabisa. Tangu Gredi ya 7 ianze mwaka 2023, sekondari ya chini imewekwa kwenye shule za msingi, na Gredi ya 10 ya kwanza imeingia shule za upili Januari mwaka huu. Seminari ndogo ambazo zilikuwa zikimpokea kijana wa Kidato cha Kwanza akae miaka minne, sasa anayekuja ni wa Gredi ya 10, tayari sauti imevunjika, na anakaa miaka mitatu pekee. Mapadre wetu wengine wanalalamika kwamba kijana amekuja ameshaiva. Mimi naona afadhali. Angalau anajua anachosema.

Kengele ya Alfajiri

Mtoto wa Nyeri, umegusa penyewe. Nyinyi mnaongeza umri, sisi tunapunguza. Serikali yetu mwaka 2023 ilipiga marufuku bweni kwa awali mpaka darasa la nne kwa hoja kwamba mtoto mdogo anahitaji wazazi. Sasa huyu wa miaka kumi na mmoja yuko madarasa mawili tu juu ya mstari huo. Nadhani walezi itabidi wabadilike wao kwanza: ratiba ya kijana wa miaka kumi na minne haimfai mtoto ambaye bado analilia mama yake usiku. Na wanalia, jamani. Wiki za kwanza bwenini taa zikizimwa unasikia kamasi zinavutwa kitanda hadi kitanda, na kwa sababu ni ukimya mkuu hakuna anayeruhusiwa kumuuliza mwenzake ana nini. Sisi tulikuwa tunanyoosha mkono tu tunamgusa.

Sina Upande

Mimi si Mkatoliki, nauliza kwa heshima. Inawezekanaje mtoto ambaye hajabalehe aamue kutokuoa? Na dunia nzima imeshasikia habari za watoto kudhulumiwa na watu wa dini. Mnasema nidhamu, ukimya, utii. Mtoto aliyefundishwa utii akifanyiwa ubaya atamwambia nani?

Frateri wa Zamani

Sina Upande, maswali yako yote mawili ni halali, na la pili ndilo zito.

La kwanza. Mseminari mdogo haahidi lolote. Hakuna nadhiri, hakuna ahadi ya useja. Akimaliza kidato cha sita na akitaka kuendelea anaanza mwaka wa malezi, kisha falsafa kwenye seminari kuu kama Kibosho au Ntungamo, kisha teolojia Segerea, Kipalapala au Peramiho, katikati kuna mwaka wa uchungaji, yaani wa mazoezi ya kazi. Ahadi ya useja anaitoa siku ya ushemasi, daraja linalotangulia upadre, na sheria ya Kanisa haimruhusu kupadrishwa kabla ya miaka 25. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, katika hati yake juu ya malezi ya mapadre, Optatam Totius ya mwaka 1965, umeagiza kwamba masomo ya seminari ndogo yapangwe ili anayechagua maisha mengine aendelee kwingine bila kikwazo. Maana yake wanaotoka walishafikiriwa tangu mwanzo. Hati hiyo hiyo inataka vijana wabaki karibu na familia zao.

La pili. Neno "ni nyumba ya Mungu" halimlindi mtoto. Tangu mwaka 2019 Papa Fransisko, kwa hati ya Vos Estis Lux Mundi, aliagiza kila jimbo liwe na utaratibu unaofikika wa kupokea taarifa za unyanyasaji. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kumuuliza Gombera uso kwa uso: utaratibu wa jimbo uko wapi, nani analala karibu na mabweni, je kuna mtu mzima anayeruhusiwa kukaa na mtoto peke yake chumbani, mtoto akitaka kupiga simu nyumbani anapitia kwa nani. Gombera mzuri hatakasirika. Akikasirika, umepata jibu lako. Na mtoto ajue namba 116, ile ya bure ya huduma ya simu kwa watoto, aijue kabla ya kujua ratiba ya Misa.

Utii unaofundishwa vibaya ni hatari. Nimekaa pande zote mbili, kama mlelewa na kama frateri (mseminari wa seminari kuu) wa mwaka wa uchungaji, na naona kosa letu kubwa lilikuwa kumsifu mtoto asiyeuliza.

Sina Upande

Asante kwa jibu lisilo na povu. Hiyo ya 116 nimeichukua kwa wanangu pia.

Baba Aliyerudishiwa

Nimesoma kimya kimya tangu juzi, leo niseme.

Mwanangu wa kwanza alirudishwa akiwa kidato cha tatu. Seminari siitaji. Tulipata barua fupi kwamba "imeonekana hana wito", basi. Wastani wake ulikuwa mzuri, kosa la nidhamu hatukuelezwa. Nilimfuata padre mlezi wake wa kiroho, yule aliyekuwa akimsifia kila tukienda kumtembelea, akanijibu hawezi kusema chochote. Nilitoka pale nimevimba. Jumuiya nayo ikapata la kusema. Mama mmoja kwenye sala za Jumamosi aliomba hadharani "kwa ajili ya vijana wanaoikimbia sauti ya Mungu", na wote tukajua anamaanisha nani. Kijana aliacha kwenda kanisani mwaka mzima.

Frateri wa Zamani

Pole sana, baba. Barua ya namna ile ni uvivu, sina neno jingine. Mzazi aliyekukabidhi mtoto anastahili kuitwa na kukalishwa chini.

Ila kuhusu yule mlezi wa kiroho, naomba nimtetee kidogo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 240, inakataza kabisa maoni ya mlezi wa kiroho na ya waungamishaji kuombwa wakati wa kuamua nani aondolewe. Wakati Gombera, makamu wake na walezi wengine wanapopiga kura, yeye hana sauti. Imewekwa hivyo kwa makusudi, ili mtoto amfungukie bila kuogopa kwamba maneno yake yatarudi mezani. Alivyokunyamazia ndivyo alivyokuwa akiitunza siri ya mwanao.

Baba Aliyerudishiwa

Hilo sikuwahi kuambiwa na mtu. Ahsante, frateri. Kijana sasa yuko chuo cha ufundi na ameanza kuimba besi kwenye kwaya ya huko.

Mwalimu Chaki

Nami niwaambie hao akina mama wa jumuiya. Benjamin Mkapa alipita seminari ya Kigonsera kabla ya kuhamia Ndanda na baadaye Pugu. John Magufuli aliingia Katoke mwaka 1975, mwaka 1977 akahamia Lake Sekondari ya Mwanza. Wote wawili walikuwa marais. Na Katoke hiyo hiyo ndiko alikosoma Protase Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 2023. Nyumba moja imetoa rais na kardinali, na sijasikia mtu akisema mmoja wao alikimbia.

Njuka Mstaafu

Mwalimu umemaliza. Tena hata sisi tusio marais tupo.

Wakuu, mbona hakuna aliyesema kuhusu bahasha ya likizo? Ndiyo iliyoninyima usingizi kuliko hesabu. Ukifunga shule unapewa fomu, unaripoti nayo kwa paroko wako. Likizo yote paroko anakutazama: Misa za kila siku unakuja? Unatumikia? Umeonekana na nani gulioni? Mwisho wa likizo anaandika ripoti, anaifunga kwenye bahasha, anagonga mhuri wa parokia juu ya gundi, anakupa wewe mwenyewe uibebe. Umebeba hukumu yako kwenye tranka na huwezi kuisoma! Ndani ya basi tulikuwa tunazielekeza juani kuona kama herufi zinaonekana. Kuna mmoja paroko wake alikuwa na mwandiko wa daktari, huyo alisafiri kwa amani kuliko sisi wote, alisema hata Gombera hataweza.

Bwana Shamba

Hahaha, kwetu paroko alikuwa anaandika "mtoto mzuri" kwa kila mtu mpaka Gombera akamwandikia barua.

Mimi nitetee kazi za mikono, maana mleta uzi ameziweka kama kitisho. Nilijifunza kuhasi nguruwe, kupandikiza miche ya kahawa na kutengeneza mboji nikiwa kidato cha pili. Leo ndicho ninachokula. Padre mhasibu wetu alikuwa na daftari la maziwa, kila mkamuaji anaandika lita asubuhi na jioni, na maziwa yakipungua bila ng'ombe kuugua mnaitwa. Hatukuwa na somo la ujasiriamali, tulikuwa na lile daftari. Serikali sasa inaanzisha mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari na watu wanashangilia. Wenzenu tulishapitia mavini.

Dada wa Mtaani

Naomba kuuliza kwa wanaojua. Kwa nini kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka seminari zinang'aa? Ni walimu, ni sala, au kuna siri?

Mwalimu Chaki

Siku hizi kuziona zinang'aa inabidi uzitafute moja moja, maana Baraza la Mitihani liliacha kutangaza kumi bora tangu matokeo yaliyotoka Januari 2023. Ila swali lako liko palepale, na jibu si la kimuujiza.

Kwanza wanachagua. Anayeingia ameshachujwa kwa mtihani na usaili. Pili darasa ni dogo. Tatu wanapunguza njiani: chini ya wastani uliowekwa, unarudi nyumbani, kwa hiyo wanaofika kidato cha nne ni waliobaki kwenye chekecheo. Ukichukua shule ya kata ukaipa masharti hayo matatu nayo itapasua. Nne, na hili nalikubali bila ubishi, ni ule muda. Prepo mbili kila siku, hakuna simu, hakuna televisheni ya kila usiku, na mwalimu analala hatua chache kutoka darasani.

Kuna na historia. Kabla ya mwaka 1969 Kanisa lilikuwa na sekondari kubwa za wavulana wa kawaida. Mt. Fransisko Pugu na Mt. Maria Tabora, zote mbili Mwalimu Nyerere amefundisha. Shule zilipotaifishwa, ya Tabora ikawa Milambo, ya Pugu ikabaki na jina la mahali. Seminari hazikuguswa kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandaa mapadre. Kwa miaka mingi ndizo zilizobaki mikononi mwa Kanisa kwa upande wa wavulana, na hapo ndipo mazoea ya wazazi kumtafutia mtoto "wito" ili apate shule yalipoanza.

Kengele ya Alfajiri

Hapo mwisho Mwalimu ndipo ninapopasemea mimi. Leo shule za Kanisa za kawaida zipo tele, za bweni, za mapadre na za masista, zenye Misa, nidhamu na ufaulu. Mzazi anayetaka shule aende huko. Nafasi moja ya seminari aliyokalia mtoto asiyetaka ni nafasi ya mtoto mwingine kama huyu wa Mama Wawili anayevaa kanga. Na yule asiyetaka anaumia mara mbili: anaigiza wito kwa miaka minne, halafu anatoka na hatia ya kuigiza. Nimewaona darasani kwangu. Walikuwa watoto wazuri tu waliochoka.

Mama Wawili

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Jana nimemwonyesha baba yake uzi huu. Ameusoma mpaka pale pa Baba Aliyerudishiwa, akaenda nje. Aliporudi akasema akaongee kwanza yeye na paroko, na mtoto awepo, na aulizwe mbele yetu. Kwake hiyo ni hatua kubwa sana. Nimemwambia na maswali ya frateri aende nayo, ameyaandika.

Sasa nisaidieni jingine dogo. Ikitokea amepata, kitu gani kisichotajwa kwenye fomu ya kujiunga ambacho atakihitaji?

Bwana Shamba

Sweta la pili. Na kandambili pea mbili, moja itakopwa.

Njuka Mstaafu

Mama, jina kwenye kila kitu. Shuka na soksi shona kwa uzi, kalamu inafutika kwa kufua. Sahani na kijiko chonga kwa msumari. Ndoo ndiyo yenye vita: usiandike kwa rangi, itakwanguliwa. Pasha msumari motoni, choma jina lake pembeni na tena chini kwenye kitako, kwa sababu la pembeni litakatwa kwa kisu na la kitako hawakumbuki kuangalia. Ukibishana na mwenzio mbele ya prefekti unaigeuza tu ndoo.

Dada wa Mtaani

Ndoo inakatwa pembeni kwa kisu? Seminari?

Njuka Mstaafu

Dada, kuna siku ya kuungama kila wiki. Unadhani tulikuwa tunaungama nini?